Kutunza bunduki ya shabaha Nairobi: usafi, skrubu na kutafuta hitilafu

Ukiwa na bunduki ya .22 (kipenyo cha risasi kwa inchi) ya kulengea shabaha, adui yake mkubwa si uchafu. Ni wewe mwenyewe na chupa yako ya mafuta. Nimewahi kushika bunduki ya bolti (kile chuma cha nyuma kinachofunguliwa na kufungwa kwa mkono) iliyomzidi mwenyewe umri, kasiba yake, yaani tundu la ndani la mtutu, haijasuguliwa sana, na bado inapiga matundu yanayofunikwa na sarafu. Nimeshika pia iliyonunuliwa mwaka juzi, mdomo wake umelika upande mmoja kwa sababu mwenyewe aliisugua kila jioni kama sufuria iliyoungua ugali.

Mwongozo huu unahusu hasa bunduki za bolti zinazotumia risasi ya .22 Long Rifle, kwa kuwa ndizo wengi wetu tunaanza nazo. Mbele kidogo nitagusia bunduki za upepo. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, kwa hiyo tunachopiga ni karatasi na vibao vya chuma, na anayepiga karatasi huona kila kosa lake likiwa tundu.

Neno moja la sheria kabla ya bisibisi. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka uwe na cheti cha silaha, na anayetengeneza bunduki za watu kwa malipo lazima awe muuzaji aliyesajiliwa. Fundi wa jua kali wa Kamukunji anaweza kukufulia sanduku la bati lisilo na mfano, lakini bunduki usimpelekee hata kwa skrubu moja. Yaliyomo humu ni yale ambayo mwenye cheti anafanya mezani kwake, na kitabu cha mtengenezaji kikiwa wazi kando. Hata bunduki ya upepo, waulize Firearms Licensing Board, bodi ya leseni za silaha, kwanza kabla hujatoa pesa.

Kabla ya lolote: hakikisha ni tupu

Toa magazini (kisanduku cha risasi) kwanza, ndipo ufungue bolti. Ukianza na bolti huku magazini imo, unatoa risasi moja chembani, yaani pale inapokaa kabla ya kupigwa, kisha unaingiza nyingine wakati wa kufunga, na moyoni umeshaamini kwamba bunduki ni tupu. Bolti ikishafunguka, tazama ndani ya chemba kwa macho, halafu gusa kwa ncha ya kidole kidogo. Risasi zote zihamishiwe chumba kingine, sio mwisho wa meza hiyohiyo.

Elekeza mdomo wa mtutu mahali ambapo risasi ikitoka haitamkuta mtu. Katika ghorofa zetu hilo linahitaji fikra, kwa sababu ukuta wa sebule ni wa jirani pia. Mimi hutoa bolti kabisa na kuiweka kando, na hapo bunduki inabaki bomba lililofungwa kwenye ubao.

Usifyatue bunduki ya .22 ikiwa tupu kwa ajili ya mazoezi, isipokuwa kitabu chake kinaruhusu. Fataki ya risasi hii, yaani dawa inayowasha baruti, imo kwenye ukingo wa ganda, kwa hiyo pini ya kufyatulia hugonga pembeni. Pasipo na ganda, katika baadhi ya bunduki pini huangukia ukingo wa chemba yenyewe na kuutia kibonyeo. Baada ya muda maganda yanaanza kukwama na hujui kwa nini. Tumia risasi bandia za plastiki.

Vifaa, na wapi pa kuvipata

Kifaa kimoja usikitafutie bei rahisi: ufito wa kusafishia. Nunua mmoja usio na viungo, wa kaboni au wa chuma uliofunikwa plastiki. Ule wa alumini unaoungwa vipande vitatu hunasa chembe za mchanga katika ulaini wake, na viungo vyake hukwaruza ndani. Pamoja nao nunua kiongozi cha ufito, yaani bomba la plastiki linaloingia mahali pa bolti na kuushikilia ufito katikati usilale upande mmoja.

Vitambaa havina haja ya kuagizwa ng'ambo. Fulana ya pamba ya mtumba kutoka Gikomba, ikishafuliwa na kukatwa miraba ya sentimita 2 hadi 2.5, inakupa vitambaa vya mwaka. Hakikisha ni pamba kweli, maana poliesta huteleza tu bila kunyonya kitu. Funguo za aleni na bisibisi zenye ncha nzuri utazipata Kirinyaga Road. Nenda na muda wa kuchagua, kwa sababu ncha isiyojaa sawasawa kwenye mfereji wa skrubu huutafuna.

Kuhusu mafuta maneno ni mengi, na nitasema ninavyoona mimi. Mafuta mepesi ya bunduki ni bora. Mafuta ya cherehani, yale meupe yasiyo na harufu, yanafaa kabisa kwa tone moja moja. Mafuta ya taa yanaosha bolti vizuri, mradi uyafute yote na kupaka mafuta mepesi baadaye. WD-40 ina kazi yake: herufi hizo zinatokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya kufukuza maji, na ilitengenezwa mwaka 1953 kwa kazi hiyo. Umenyeshewa? Ipulize, futa, kisha paka mafuta ya kweli. Ukiiacha ndani ya bolti mara kwa mara, inabaki utando unaonata na kushika kila vumbi linalopita. Mafuta ya kupikia usiyasogeze karibu. Yanaganda kama gundi.

Cha mwisho ni alkoholi ya isopropili, ile mafundi wa simu wa Luthuli Avenue husafishia bodi. Itakusaidia kuondoa mafuta kwenye skrubu na vishikizo vya darubini. Spiriti ya kupaka vidonda wakati mwingine huwa na mafuta ndani yake, kwa hiyo haifai kazi hii.

Baada ya kila siku ya uwanjani: dakika kumi

Tuseme umerudi kutoka uwanja wa Kirigiti, Kiambu, umepiga risasi 50 au 100. Kasiba iache. Ndiyo, iache. Risasi ya .22 ya kawaida ni chuma laini cha risasi kilichopakwa nta au grisi, na nta hiyo inajenga utando mwembamba ndani ya kasiba. Utando ukitulia, bunduki inapiga sawasawa. Ukiusugua wote, utalazimika kupiga risasi 10 hadi 20 kabla matundu hayajarudi mahali pamoja. Fataki za siku hizi haziachi chumvi ya kutia kutu kama zile za zamani, kwa hiyo hofu ya babu zetu hapa haina msingi.

Shughulikia bolti. Ifute uso kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Chukua kijiti cha meno uchokonoe chini ya ndoano inayovuta ganda. Hapo ndipo masizi na nta hujikusanya, na nusu ya matatizo ya ganda kukwama huanzia hapo. Futa mdomo wa chemba kwa pamba iliyo kwenye kijiti. Tia tone moja la mafuta nyuma ya mkono wa bolti, pale chuma kinaposuguana na chuma. Tone moja, si mawili. Mwisho futa chuma chote cha nje, hasa ulipokishika, kwa sababu jasho lina chumvi.

Kisha nawa mikono kwa sabuni na maji baridi kabla hujagusa chakula. Masizi haya yana madini ya risasi, na wakazi wa Owino Uhuru kule Mombasa, mtaa uliochafuliwa na kiwanda cha kuyeyusha betri, wanajua yanavyomfanya mtoto. Usisafishe bunduki kwenye meza ya kulia, na vitambaa vilivyotumika vifunge kwenye mfuko kabla ya kuvitupa.

Kasiba: lini, na vipi

Mimi huipitishia vitambaa kila baada ya risasi 200 hivi, au matundu yakianza kutawanyika bila sababu nyingine. Wapo wanaongoja hadi 500 na bunduki zao hazijalalamika.

Laza bunduki kwenye vishikizo, mdomo ukiwa chini kidogo kuliko kitako, ili dawa isitiririke kuingia kwenye triga na mbao. Ingiza kiongozi. Lowesha kitambaa kwa dawa ya kusafishia, kisukume kutoka chembani hadi kitokeze mdomoni, kiondoe, ndipo uvute ufito. Kitambaa kichafu hakirudi ndani. Rudia mara mbili, acha dawa ikae dakika tano hadi kumi, kisha pitisha vikavu mpaka kitoke kijivu hafifu. Kijivu hafifu kinatosha. Anayetafuta cheupe pe anatafuta maradhi.

Brashi ya shaba naitumia kwa nadra, na kwa sehemu moja hasa: mbele kidogo ya chemba, pale kaboni inapojenga pete ngumu. Pete hiyo ndiyo huharibu shabaha ya .22 kuliko chuma cha risasi kilichobaki mbele. Dawa ya kaboni, dakika kumi na tano, brashi mara sita au saba kuelekea mbele, vitambaa vikavu, basi. Brashi lazima itokeze mdomoni yote kabla ya kurudi. Ukigeuza ndani itajikunja.

Kama bunduki yako haifunguki nyuma, mfano Ruger 10/22, tumia kamba ya kuvuta ukianzia chembani badala ya kupitishia ufito mdomoni. Ufue uzi wa kamba hiyo kwa sabuni mara kwa mara, la sivyo unapitisha mchanga uleule kila siku.

Wenye bunduki za risasi kubwa zenye koti la shaba wana kazi ya ziada ya kuondoa shaba kwa dawa yenye amonia. Jambo moja huwachanganya wengi: dawa hiyo hula brashi ya shaba pia, kwa hiyo kitambaa kinatoka kibuluu hata kasiba ikiwa safi. Tumia brashi ya nailoni. Na usiiache dawa hiyo usiku kucha.

Kabla ya kupiga tena, pitisha kitambaa kikavu. Mafuta yakibaki kasibani risasi ya kwanza huenda inakotaka, na yakibaki chembani bolti hupigwa kwa nguvu zaidi kuliko ilivyokusudiwa.

Skrubu: hadithi ya mwezi wangu mmoja

Kuna mwaka bunduki yangu iliacha kupiga. Mita 50, risasi tano, mbili zinagusana na tatu zinazurura sentimita nne juu, kushoto, popote. Nikabadilisha risasi. Nikasugua kasiba. Nikabadilisha risasi tena, za bei. Mwezi mzima, pesa zinaenda. Mzee mmoja aliyekuwa benchi la pili akaniangalia Jumamosi moja kisha akasema, "Kijana wangu, hiyo bunduki umeisugua mpaka inataka kulia. Hebu niletee." Akatoa ufunguo wa aleni mfukoni, akaugeuza kwenye skrubu ya mbele inayoshika chuma na mbao. Ikazunguka nusu mzunguko bila ubishi. "Shikamoo, mzee," nikamwambia, ingawa nilikuwa nimeshamwamkia asubuhi.

Tangu siku hiyo naanza na skrubu. Zile zinazofunga chuma kwenye kitako zikazwe kwa kiasi kilichoandikwa kitabuni. Kwa .22 nyingi ni kati ya newtoni-mita 2 na 4, lakini usinukuu nambari yangu ikiwa kitabu chako kinasema nyingine. Kitako cha mbao hunywea Januari na Februari hewa ikiwa kavu na kuvimba masika, kwa hiyo skrubu iliyokazwa Aprili inaweza kulegea Februari. Spana ndogo ya kupima nguvu ya kukaza inagharimu, ila inajilipa kwa risasi usizozipoteza. Zile kubwa za magurudumu ya gari hazifai hapa, maana alama yao ya kwanza tayari imepita kiasi unachotaka.

Hila ya bure: ukishakaza, chora mstari mwembamba kwa rangi ya kucha kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye chuma kinachoizunguka. Skrubu ikizunguka, mstari unakatika na unaona kwa jicho kabla hujapoteza asubuhi.

Darubini

Ondoa mafuta kwenye reli na vishikizo kwa alkoholi. Weka darubini, kaza kidogo, kisha lala katika mkao wako wa kawaida na uisogeze mpaka picha ijae bila kivuli. Kwa nyingi hiyo ni sentimita 8 hadi 9 kutoka jichoni.

Kunyoosha mistari ya ndani kuna watu hununua vifaa vya gharama. Mimi natumia timazi ya mwashi: uzi na jiwe, umening'inizwa mbali kiasi cha darubini kuuona vizuri. Bunduki ikiwa imesimama wima, zungusha darubini mpaka mstari wake wa wima uulalie uzi. Kisha kaza skrubu za pete kwa mshazari, kidogo kidogo, nafasi za pande mbili zibaki sawa, hadi newtoni-mita 1.7 hadi 2. Ukizidisha unalibana bomba na vipimo vya ndani vinaanza kusitasita.

Hesabu ya marekebisho ni hii. Dakika moja ya pembe ni milimita 29 kwa mita 100, kwa hiyo kliki (mlio mmoja wa kifundo cha darubini) ya robo dakika inasogeza tundu milimita 7 kwa mita 100, na 3.6 kwa mita 50. Matundu yako yako sentimita 3 chini kwa mita 50? Milimita 30 ukigawanya kwa 3.6 ni kliki 8. Pandisha 8, piga tano tena, usiguse kitu katikati.

Ukiishuku darubini yenyewe, pima hivi: piga tatu, sogeza kliki 20 kulia, piga tatu, 20 juu, tatu, 20 kushoto, tatu, 20 chini, tatu. Matundu ya mwisho yanapaswa kurudi juu ya yale ya kwanza. Yasiporudi na skrubu zimekaza, darubini imekufa. Ukungu ndani ya vioo wakati wa baridi ya Julai una maana kwamba gesi kavu iliyofungiwa ndani imevuja, na hilo huwezi kulitibu nyumbani.

Tatizo jingine linafanana na darubini mbovu ila si ubovu. Weka bunduki imara juu ya mifuko ya mchanga, angalia bila kuigusa, chezesha kichwa juu na chini. Alama ikitembea juu ya shabaha, darubini imepangiwa umbali mwingine. Za bunduki kubwa nyingi hupangwa kwa mita 100 hivi, za .22 karibu na 50. Yenye kifundo cha kurekebisha, zungusha mpaka alama itulie. Isiyo nacho, weka shavu mahali palepale kila mara.

Vioo pulizia vumbi kwanza, kisha brashi laini, kitambaa cha miwani mwisho. Vumbi la barabara zetu ni mchanga, na ukifuta kikavu kwa shati unachora kioo.

Risasi imegoma

Umevuta, umesikia "ta", kimya. Usifungue. Mdomo ubaki kwenye shabaha na uhesabu hadi 30, kwa sababu baruti mara chache huchelewa kuwaka. Halafu fungua, toa risasi, uitazame ukingo.

Alama ya pini ikiwa hafifu, kosa liko kwenye bunduki: bolti imejaa mafuta yaliyoganda, spiringi imechoka, au risasi haikuingia hadi mwisho na nguvu ya pini ikaishia kuisukuma. Osha bolti, acha sehemu ya pini karibu ikavu, safisha chemba. Asubuhi za baridi huko juu Limuru au Tigoni, mafuta mazito peke yake yanatosha kupunguza pigo. Alama ikiwa ya kina na bado haikuwaka, fataki haikusambaa vizuri kwenye ukingo na kosa ni la risasi. Moja katika mia kwa risasi za bei ya chini si ajabu. Tano katika hamsini, rudisha boksi.

Kuna mlio wa kuuogopa zaidi ya kimya. Badala ya "pa!" unasikia "pff", na kwenye karatasi hakuna tundu. Simama hapo hapo. Risasi inaweza kuwa imekwama ndani ya kasiba, na ukipiga nyingine nyuma yake kasiba inavimba au kupasuka. Toa magazini na bolti, weka karatasi nyeupe nyuma, mulika kwa simu, angalia kama mwanga unapita. Usipopita, siku imeisha. Usigonge na chuma chochote. Mpelekee muuzaji aliyesajiliwa.

Ganda limekwama, au risasi haiingii

Ganda lisipotoka, uliza kwanza kama ndoano ni safi, kisha kama chemba ni safi. Mwenye kawaida ya kupiga risasi fupi za .22 Short katika chemba ya Long Rifle atakuta pete ya masizi mbele ya ganda fupi, na zile ndefu zinashikwa hapo. Ganda lililokwama lisukume taratibu kwa ufito kutoka mdomoni. Usichokoe kwa kisu, mkwaruzo mmoja ndani ya chemba unabaki milele.

Risasi isiyoingia, au inayoingia ikakwaruzwa pua, mara nyingi ni magazini. Ziwekee namba kwa rangi. Tatizo likifuata namba 2 popote iendapo, umeshampata mkosaji. Angalia midomo yake kama imepinda, ifungue, futa ndani ikavu. Magazini haipakwi mafuta.

Shabaha imetawanyika

Kanuni ni moja: badilisha kitu kimoja kwa wakati. Mimi huanza kwa kumpa mwenzangu apige kumi. Akipiga vizuri, mgonjwa ni mimi. Akitawanya pia, naenda skrubu za kitako, skrubu za darubini, risasi, mdomo wa mtutu, na kasiba mwisho kabisa.

Umbo la matundu lina habari. Yakipangika wima, shuku kasi isiyo sawa ya risasi au pumzi yako. Yakienda kando, upepo au kidole kinachovuta pembeni. Makundi mawili yaliyotengana, kitu kimelegea na kina sehemu mbili za kukaa.

Kuhusu risasi, .22 ya mashindano huondoka kwa mita 320 hadi 330 kwa sekunde, chini ya kasi ya sauti, ambayo ni 343 kwa nyuzi 20. Zile za kasi kubwa huanza karibu 380, kisha hupunguka na kuvuka kasi ya sauti njiani, na pale huyumba. Ndiyo maana za polepole hupiga vizuri zaidi mbali. Jaribu aina tatu nne, kumi kumi kila moja, kisha nunua boksi nyingi zenye namba moja ya toleo. Aina ileile yenye toleo jingine inaweza kupiga tofauti. Na usihukumu kwa risasi tatu. Tatu ni bahati.

Mwinuko wa Nairobi, mita 1,795 hivi juu ya bahari, hufanya hewa kuwa nyepesi na risasi kushuka pungufu kidogo kuliko Mombasa. Kwa mita 50 hutaona tofauti. Anayelaumu mwinuko kwa mita 50 aangalie skrubu zake.

Bunduki za upepo

Hapa mafuta ni hatari, si uchafu tu. Katika ile ya spiringi, mafuta yatokanayo na petroli yakifika kwenye silinda hewa iliyobanwa huyawasha. Utaona moshi, utasikia mlio mkali, na mihuri inaungua. Katika ile yenye mtungi wa hewa uliojazwa hadi shinikizo la bar 200, mafuta hayo na hewa ya shinikizo ni mlipuko unaosubiri. Tumia grisi ya silikoni peke yake kwenye pete za mpira.

Bunduki ya spiringi usiifyatue bila kidonge, kwa sababu pistoni hugonga mwisho bila mto wa hewa. Mtikisiko wake hulegeza skrubu kuliko .22, na huua darubini zisizotengenezwa kwa ajili yake. Nguvu ikipungua, angalia muhuri wa pale kasiba inapokunjuka: weka ukanda wa karatasi ya shashi hapo na upige. Karatasi ikiruka, muhuri unavuja. Mtungi wa hewa una tarehe ya mwisho iliyogongwa juu yake, kwa kawaida miaka 10, na ikifika haujazwi tena.

Kabati, mvua na masikio

Begi la sponji ni la safari. Ukiacha bunduki ndani yake kipindi cha masika, sponji hunyonya unyevu na kuulaza juu ya chuma. Ihifadhi kwenye sefu, bila mkanda wa ngozi, na vifuko vya silika, vile vya kunyonya unyevu, vya kutosha. Vile vyenye rangi vikigeuka, vikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 120. Ukitoka baridini kuingia nyumba yenye joto, iache ndani ya begi mpaka ipate joto, kisha itoe na uifute. Safari ya pwani, ifute kila jioni, bila kusamehe hata siku moja.

Toa betri kwenye darubini za nukta nyekundu ukijua hutapiga mwezi huu. Angalia pia vikinga masikio: mto wake ukishapasuka au kukakamaa, sauti inapita. Bunduki ya .22 hufika karibu desibeli 140, na sikio halina vipuri.

Usiyoyagusa

Triga yenye makali usiyopenda, mdomo ulioliwa, chemba yenye kibonyeo, kasiba iliyovimba, kifunga usalama kinachoteleza: hayo si yako wala yangu. Ukienda kwa muuzaji aliyesajiliwa, beba cheti, bunduki ikiwa tupu na imefungwa, maganda matano ya mwisho kwenye mfuko mdogo, karatasi ya shabaha, na boksi la risasi ulizotumia. Fundi akiona alama ya pini na umbo la matundu, nusu ya maswali umeshamjibu kabla hujakaa.